SOMO LA IJUMAA: NYUMBA YA KAWAIDA INAPOGEUZWA KUWA MSIKITI

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, tunayemshukuru na kumuomba msaada. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na Masahaba wake wote.



Katika miji yetu ya Congo, jamaa za Waislamu mara nyingi hazianzi na kiwanja kitupu. Zinapata nyumba ya vyumba vinne, au depo ya zamani, au duka lililofungwa, na pengine hata nganda ambamo pombe iliuzwa miaka mingi. Watu wanafagia, wanatandika mikeka, adhana inasomwa, na Ijumaa ya kwanza kila mtu anasema: sasa tuna msikiti. Hiyo ni neema, na tunamshukuru Mola. Lakini baada ya furaha hiyo kuna maswali. Je, nyumba hii imekuwa msikiti kwa sheria ya dini, au ni mahali pa kusalia tu? Qibla yake imepimwa na nani? Parsele imeandikwa kwa jina la nani? Na siku mwenye jina hilo atakapofariki, watoto wake watasema nini?

Leo, ndugu msomaji, tutafundishana mambo haya moja baada ya jingine. Soma kwa utulivu, kisha mpe na jirani yako.

1. MTUME (S.A.W.) ALIANZA NA MAHALI PALIPOKUWAPO

Alipohamia Madina mwaka 622, Mtume (s.a.w.) alijenga msikiti wake mahali palipokuwa panaanikwa tende. Hapakuwa safi kama karatasi nyeupe. Hadithi ya Anas bin Malik, iliyomo katika Bukhari na Muslim, inaeleza kwamba palikuwa na makaburi ya zamani ya washirikina, magofu ya nyumba, na mitende. Makaburi yalifukuliwa, magofu yakasawazishwa, mitende ikakatwa, na magogo yake yakapangwa upande wa qibla.

Kabla ya kazi hiyo yote kulikuwa na jambo moja kubwa. Mahali pale palikuwa mali ya mayatima wawili wa Banu Najjar, Sahl na Suhayl. Walitaka kupatoa bure. Mtume (s.a.w.) hakukubali mpaka palinunuliwa kwa bei yake. Fikiri vizuri, ndugu yangu: zawadi ile ilikuwa imetolewa kwa moyo mweupe, tena kwa ajili ya msikiti, na bado haki ya yatima ilitangulizwa.

Kwa hiyo jamaa inapotaka kununua nyumba, swali la kwanza ni hili: anayetuuzia ndiye mwenyewe? Mara nyingi nyumba ya marehemu inauzwa na mjomba au kaka mkubwa, na mjane hajui, na watoto hawajui. Bei inakuwa nzuri, na sisi tunasema Mungu ametufungulia. Tusifanye hivyo. Waiteni warithi wote, waume kwa wake, waseme wanakubali, waandike, na kila mmoja apate fungu lake. Sijda haikai vizuri juu ya machozi ya yatima.

2. KUSAFISHA NI KAZI YA MANABII

Mfano mkubwa wa nyumba kurudishwa kwenye ibada ni Kaaba yenyewe. Nabii Ibrahim na mwanawe Ismail (a.s.) waliinua misingi yake, na katika Sura al-Baqara, aya ya 125, Mwenyezi Mungu anatueleza kwamba aliwaagiza wawili hao waisafishe Nyumba yake kwa ajili ya wanaotufu, wanaokaa itikafu, na wanaorukuu na kusujudu. Baada ya karne nyingi watu waliizungushia masanamu. Mtume (s.a.w.) alipoingia Makka mwaka wa 8 wa Hijra (630), yalikuwapo masanamu 360. Aliyaondoa, na picha zilizokuwa ndani zikatolewa. Nyumba haikubomolewa, ilisafishwa.

Tena kuna hadithi ya Bibi Aisha (r.a.) ambayo tuisikilize vizuri. Makuraishi walipoijenga upya Kaaba kabla ya utume, waliiacha pungufu kwa sababu mali iliwaishia. Mtume (s.a.w.) alimweleza Bibi Aisha kwamba, kama si watu wake kuwa karibu bado na ujahili, angeijenga tena juu ya misingi ya Ibrahim na kuifungulia milango miwili. Hakufanya, kwa kuchunga nyoyo za watu. Hapa kuna funzo kwa kamati zetu: si kila kinachofaa kufanywa kinafanywa leo. Ukiwa na mpango mzuri wa jengo, lakini utawagawa waumini, ngoja, waelimishe, mwende pamoja.

3. NIA: MSIKITI WA TAKWA AU MSIKITI WA MADHARA

Katika Sura at-Tawba, aya ya 107 hadi 110, Mwenyezi Mungu anataja msikiti uliojengwa kwa madhara, kwa kuwafarikisha waumini. Mtume (s.a.w.) alikatazwa kusimama ndani yake, ukabomolewa. Ulikuwa na kuta kama misikiti mingine. Ubaya wake ulikuwa katika nia ya waliouweka.

Tujiulize basi. Nyumba hii tunaigeuza msikiti kwa sababu kartiye hii iko mbali na msikiti, na wazee na watoto wanashindwa kufika? Hiyo ni kheri. Au kwa sababu tumegombana na imamu wa msikiti wa pale mbele, na tunataka kumwonyesha? Hayo ndiyo madhara yenyewe. Tunakumbuka Idd el-Fitr ya tarehe 13 Mei 2021 mjini Kinshasa: Waislamu wa pande mbili waliopingana kuhusu uongozi walipigana karibu na Stade des Martyrs, na askari polisi aliuawa. Siku ya kupeana mkono wa Idd ikawa siku ya msiba. Mlango mpya wa msikiti usifunguliwe kwa ugomvi wa zamani.

4. WAKFU NA HATI: MSINGI USIOONEKANA

Hili ndilo jambo zito kuliko yote katika somo la leo.

Nyumba ya kukodi, au nyumba ya mtu aliyeturuhusu kusali, ni musalla. Sala ndani yake inasihi, na thawabu ya jamaa inapatikana. Itban bin Malik (r.a.), aliyekuwa amedhoofika macho, alimuomba Mtume (s.a.w.) aje kusali nyumbani kwake ili mahali pale apafanye pa kusalia, na Mtume (s.a.w.) alikwenda. Lakini nyumba ile ilibaki ya Itban. Msikiti ni kitu kingine. Msikiti ni wakfu: umetoka katika milki ya mtu, umekuwa wa Mwenyezi Mungu. Ndiyo maana hukumu za msikiti, kama itikafu na sala ya maamkizi ya msikiti, zinafungamana nao.

Asili ya wakfu iko katika hadithi ya Sayyidna Umar (r.a.) aliyepata ardhi Khaybar. Alipotaka shauri, Mtume (s.a.w.) alimwelekeza azuie asili na kutoa faida yake. Ardhi ile ikawa haiuzwi, haitolewi zawadi, wala hairithiwi. Wanavyuoni wa madhehebu ya Shafii wanataka mwenye mali atamke wazi kwamba ameiweka wakfu. Kunyamaza na kuacha watu wasali hakutoshi.

Sasa tuangalie hali yetu. Tuseme mzee mmoja mwema ana parsele yenye nyumba mbili. Moja anaiachia jamaa isali. Miaka kumi inapita. Watu wanachanga mabati, wanachanga simenti, wanavunja ukuta wa kati, wanaweka mihrabu. Mzee hajatamka wakfu mbele ya mashahidi, na karatasi zote ziko kwa jina lake. Mzee anafariki. Mtoto wake aliyekuwa mbali anarudi, anakuta baba ameacha nyumba mbili. Kwa Serikali, mali iliyo kwa jina la marehemu ni ya warithi wake. Mtoto huyo akiuza, nani atamzuia? Mimbari itatolewa nje, na mnunuzi atarudisha vyumba vyake. Jasho la miaka kumi litakuwa limekwenda.

Kwa hiyo fanyeni mambo manne.

Kwanza, mwenye mali atamke wakfu akiwa mzima na mwenye akili timamu, mbele ya mashahidi, na watoto wake wakubwa wawepo wasikie kwa masikio yao.

Pili, iandikwe, itiwe sahihi, na nakala ziwekwe mahali zaidi ya pamoja.

Tatu, fuateni sheria ya nchi. Kwa sheria namba 73-021 ya tarehe 20 Julai 1973, ardhi ya Congo ni mali ya Serikali, na haki ya mtu juu ya parsele inathibitishwa kwa karatasi ambayo maofisini inaitwa certificat d'enregistrement. Karatasi ya kuuziana yenye muhuri wa shefu wa kartiye ni mwanzo tu, haitoshi. Usikae nayo sandukuni ukadhani umemaliza.

Nne, parsele iandikwe kwa jina la jumuiya yenye utu wa kisheria, si kwa jina la imamu wala la rais wa kamati. Sheria namba 004/2001 ya tarehe 20 Julai 2001 inaeleza namna jumuiya zisizotafuta faida, pamoja na za dini, zinavyopata utu huo. Imamu anakufa, rais wa kamati anahama, jumuiya inabaki.

Tusidhani jambo hili ni la Congo peke yake. Katika mji wa Liverpool, Uingereza, wakili mmoja aliyeitwa William Henry Quilliam alisilimu mwaka 1887, akajiita Abdullah. Mwisho wa mwaka 1889 aligeuza nyumba ya kawaida ya mjini, Brougham Terrace namba 8, kuwa msikiti. Watu wengi walisilimu, pakawa na shule, makao ya watoto, na gazeti. Mwaka 1908 aliondoka nchini. Msikiti ukafungwa, nyumba ikatoka mikononi mwa Waislamu, na kwa miaka mingi ikawa ofisi ya serikali ya mji ya kuandikisha vizazi, ndoa na vifo. Sala zilirudi humo mwaka 2014 tu, baada ya zaidi ya miaka 100. Kazi kubwa kama ile ilisimama juu ya mabega ya mtu mmoja, na mtu huyo alipoondoka, ikaanguka. Mwenyezi Mungu amlipe kheri kwa aliyoyafanya, na sisi tujifunze.

5. USAFI WA MAHALI

Mtume (s.a.w.) alitufundisha kwamba ardhi yote imefanywa kwake kuwa mahali pa kusujudia na kitu cha kujitwaharishia. Kwa hiyo hakuna nyumba iliyolaaniwa milele. Iliyokuwa nganda inaweza kuwa nyumba ya Qurani. Lakini isafishwe.

Kwa wanavyuoni walio wengi, pombe ni najisi. Ondoeni kwanza vitu vyenyewe: kaunta, kreti, chupa, na mikeka iliyolowa. Sugueni sakafu na kuta za chini, kisha mwageni maji mpaka rangi na harufu vitoke. Kama sakafu ni ya udongo, kumbukeni hadithi ya bedui aliyekojoa msikitini: Mtume (s.a.w.) hakuamuru msikiti uhamishwe, aliamuru ndoo ya maji imwagwe mahali pale. Ondoeni pia picha na maandishi ya matangazo ya pombe. Msiyafunike kwa pazia, yapakeni rangi kabisa.

Depo iliyowekwa makayabu au mafuta ya taa ina shida nyingine. Makayabu ni tohara, lakini harufu inaudhi. Mtume (s.a.w.) alimkataza aliyekula kitunguu saumu asikaribie msikiti kwa sababu ya harufu yake. Basi chokaa mpya ya ukutani na madirisha ya kupitisha hewa ni jambo la dini, si la anasa.

Na kama ndani ya parsele kuna kaburi, ulizeni kwanza wanavyuoni. Mtume (s.a.w.) ametoa makaburi katika mahali pa kusalia. Kaburi la Mwislamu halifukuliwi ili kupanua jengo.

Wengine wanauliza: je, kanisa lililoachwa linaweza kununuliwa? Katika Sunan an-Nasai kuna hadithi ya Talq bin Ali. Watu wa Banu Hanifa waliosilimu walimweleza Mtume (s.a.w.) kwamba wana kanisa katika nchi yao. Aliwapa maji aliyotawadhia, wakavunja kanisa lile, wakanyunyiza mahali pake maji hayo, wakapafanya msikiti. Angalieni: lilikuwa lao wenyewe, hawakumnyang'anya mtu. Na wanahistoria wanasimulia kwamba Sayyidna Umar, alipoingia Jerusalem, hakukubali kusali ndani ya kanisa kubwa la Wakristo, kwa kuogopa Waislamu wa baadaye wasije wakalichukua. Sisi tunaishi na Wakristo nyumba kwa nyumba, wengine ni wajomba zetu na wakwe zetu. Wakituuzia jengo kwa ridhaa yao, tulinunue kwa adabu, bila kelele za ushindi.

6. QIBLA IPIMWE, ISIKISIWE

Nyumba haikujengwa kwa kuelekea Makka. Ilijengwa kwa kuelekea barabara. Wengi wanasema Makka iko mashariki, basi wanasimama wakielekea jua linakotoka. Kwa Congo hilo ni kosa. Makka iko kaskazini yetu, kwa kupinda kidogo upande wa mashariki. Ukisimama ukielekea kaskazini sawasawa, geuka kulia kwa kipimo hiki:

Lubumbashi: nyuzi 20.
Bukavu na Goma: nyuzi 24.
Kindu: nyuzi 29.
Kisangani: nyuzi 33.
Kinshasa: nyuzi 42.

Kwa asiyezoea nyuzi: chukua saa ya mishale, weka 12 kaskazini. Kwa mtu wa Kindu, qibla iko karibu sawa na namba 1. Mtu wa Kinshasa atakuwa kati ya 1 na 2. Mashariki ni namba 3, mbali sana na hapo.

Dira ni nzuri, lakini karibu na mabati na nondo inadanganya, pimeni nje. Njia isiyodanganya ni jua. Kila mwaka, tarehe 27 au 28 Mei, na tena tarehe 15 au 16 Julai, jua linakuwa juu ya Kaaba kabisa wakati wa adhuhuri ya Makka. Kwa mikoa yetu ya mashariki, na Lubumbashi, ni saa 5 na dakika 18 asubuhi mwezi wa Mei (11:18), na saa 5 na dakika 27 mwezi wa Julai (11:27). Kinshasa ni saa moja nyuma. Simikeni mti ulionyooka. Wakati huo hasa, anayelielekea jua ameielekea Kaaba, na kivuli cha mti kinalala upande wa nyuma yake. Chora mstari juu ya kivuli hicho, na qibla umeipata.

Mkikuta ukuta haulingani na qibla, msihuzunike wala msibomoe. Chora mistari ya safu sakafuni kwa rangi, hata kama inakwenda mshazari. Wala pasiwepo aibu kubadilisha mistari ya zamani. Watu wa Quba walikuwa katikati ya sala ya asubuhi walipoletewa habari kwamba qibla imegeuzwa kutoka Jerusalem kwenda Makka. Waligeuka hapo hapo ndani ya sala. Hata msikiti wa Madina ulipinduka: upande uliokuwa mbele ukawa nyuma, na hapo nyuma, chini ya kivuli, wakaishi Masahaba maskini walioitwa watu wa Suffa.

7. SAFU, KUTA NA USALAMA

Mtu mmoja anahitaji nafasi ya sentimita 60 kwa upana na sentimita 120 kwa urefu. Chumba chenye mita 12 kwa 8, safu zikiwa upande wa mita 12, kinachukua watu 20 kwa kila safu. Mita 8 zinatoa safu 6. Nafasi ya safu ya mbele mwachieni imamu, zinabaki 5: watu 100. Hesabu hiyo ifanywe kabla ya kununua, si baada.

Kamati nyingi zinaanza kwa kuvunja kuta za ndani ili safu ziungane. Ngoja. Ukuta mwingine umebeba paa. Muite fundi mwashi anayejua, akuonyeshe upi wa kuvunjwa na upi wa kuachwa, na wapi iwekwe boriti au nguzo. Nguzo zikibaki katikati, Masahaba walikuwa wakiepuka kupanga safu kati ya nguzo. Lakini watu wakiwa wengi na mahali padogo, wanavyuoni wameruhusu.

Sisi wa Kivu tunajua tetemeko. Tarehe 3 Februari 2008, tetemeko la kipimo cha 5.9 lilipiga sehemu za Bukavu. Nyumba zilivunjika, watu walikufa Congo na Rwanda. Ilikuwa Jumapili, na miongoni mwa waliokufa upande wa Rwanda walikuwamo watu waliokuwa katika ibada kanisani. Lingeweza kuwa siku ya Ijumaa. Kwa hiyo jengo la watu 100 lisiwe na mlango mmoja. Iwepo milango miwili, ifunguke kwa nje, na isizibwe kwa viatu. Kulinda nafsi ni katika makusudio ya sheria yetu.

8. MAJI, AKINA MAMA NA WATOTO

Mahali pa kutawadhia pawe nje ya ukumbi, na maji machafu yaende mbali na ukuta na mbali na kwa jirani. Mtume (s.a.w.) alitawadha kwa mudi moja, kiasi cha robo tatu za lita. Sisi tunafungulia ndoo nzima. Paa la mita 100 za mraba, mvua ya milimita 20 ikinyesha, linatoa lita 2,000. Mfereji wa bati na pipa vinatosha kuwapunguzia watoto wetu safari za bidoni.

Mtume (s.a.w.) amekataza kuwazuia wanawake wasiende misikitini. Kuwapa chumba cha giza kilichobaki, kilichojaa mbao na mifuko, ni aina ya kuwazuia. Wanachangia kama wanaume, na mara nyingi zaidi. Mahali pao pawe na hewa, pasikike sauti ya imamu, na pawe na mlango wao. Na kona moja iwe ya watoto kusoma. Msikiti usio na madrasa utakosa wa kuusalia baadaye.

9. MAPAMBO NA JIRANI

Msikiti wa Mtume (s.a.w.) ulikuwa na nguzo za magogo ya mitende na paa la makuti. Mvua iliponyesha maji yalivuja, naye alionekana na alama ya tope kwenye paji la uso. Sayyidna Umar alipouamrisha utengenezwe, alitaka watu wasitirike na mvua, akakataza rangi nyekundu na za manjano zinazoshughulisha nyoyo. Mnara si sharti. Kuba si sharti. Bati lisilovuja litangulie kuba, na hati itangulie bati.

Jirani ajulishwe kabla. Nendeni kwake, mwambieni nyumba hii itakuwa ya sala, mwulizeni hofu yake. Kipaza sauti cha alfajiri kipimwe. Jirani aliyeheshimiwa siku ya kwanza anakuwa shahidi wenu siku ya mashaka.

10. WANAOIMARISHA MISIKITI

Huko London, kwenye barabara ya Brick Lane, kuna jengo lenye saa ya jua ukutani na mwaka 1743. Lilijengwa na Waprotestanti waliokimbia mateso Ufaransa. Baadaye likawa kanisa la Wamethodisti, kisha mwaka 1898 sinagogi la Wayahudi, na mwaka 1976 likawa msikiti wa Waislamu, wengi wao kutoka Bangladesh. Kuta ni zile zile. Kila kundi lilihama, na nyumba ikabaki ikingoja wengine.

Ndugu Mwislamu, kuta hazisali. Katika Sura at-Tawba, aya ya 18, Mwenyezi Mungu anatueleza kwamba wanaoimarisha misikiti yake ni wale wanaomwamini Yeye na Siku ya Mwisho, wakasimamisha sala, wakatoa zaka, wala hawamwogopi ila Yeye. Nyumba uliyoigeuza kwa jasho lako, usipohudhuria sala ya alfajiri ndani yake, imeanza kurudi kuwa depo.

MASWALI YA KUJADILIANA BAADA YA SALA

1. Msikiti wetu umeandikwa kwa jina la nani? Nani ameiona karatasi hiyo kwa macho yake?
2. Mwenye parsele ametamka wakfu? Mashahidi ni akina nani, na bado wako hai?
3. Mistari yetu ya safu ilipimwa lini na kwa njia gani?
4. Milango yetu mingapi inafunguka kwa nje?
5. Akina mama wa jamaa hii wameulizwa wanataka nini?

Kama jibu la swali la kwanza halijulikani, kamati ianze kazi hiyo wiki hii, wakati wazee wetu wangali hai na wanaweza kusema.

Ee Mola wetu, takabali kwetu kazi hii. Wasamehe waliotutangulia, waliosali chini ya miti na katika nyumba za udongo mpaka dini ikatufikia. Zilinde nyumba zako katika nchi yetu, zisiwe za ugomvi wala za kuuzwa. Wape amani watu wa Congo, Waislamu na wasio Waislamu. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

(Karatasi hii ina jina la Mwenyezi Mungu na la Mtume wake. Tafadhali usiitupe chini wala usiifungie bidhaa. Ukimaliza kusoma, mpe mwenzako.)